Theluji ya Ziwani na Kicheko cha Mama

Msimu wa baridi uliopita, shule ya binti yangu iliwapeleka watoto mlimani, kule juu ya Nizwa hapa Omani, ambako ikifika miezi hii baridi huuma masikio, na mara mojamoja mvua ya mawe huanguka ikaacha njia nyeupe kwa saa moja au mbili. Alirudi jioni na sweta lililorowa, linanuka sufu yenye maji, mkononi kashika kikombe cha plastiki chenye maji machafu kidogo. "Mama, hii ilikuwa theluji," akaniambia, kisha akaanza kunihadithia walivyoteleza na mwalimu wao alivyoanguka, na akawa anacheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Nilimwacha hapo sebuleni nikaingia jikoni, nikafungua bomba la maji hadi mwisho ili nisimsikie.

Hakuwa na kosa lolote, wala mwalimu wake. Mimi tu ndiye nisiyeweza kumsikia mtu akihadithia theluji huku anacheka. Wengi wenu mliokulia Ibra miaka ile nilipokulia mimi, mkiambiwa baridi mnakumbuka asubuhi za kupaka mafuta midomo iliyopasuka, na uji wa tangawizi, na kutoka nje kucheza mchana kutwa kwa sababu jua limepunguza ukali. Mimi nakumbuka ukumbi wa nyumba yetu umejaa wanawake waliokaa chini, na sauti ya mama yangu inatoka kwenye simu.

Nyumba ile ilikuwa karibu na falaji, ule mfereji wa maji ya mji, upande wa mitende, na tuliishi humo wanawake watatu na mtoto mmoja. Alikuwepo bibi yangu, mzaa mama. Alikuwepo mama yangu, Raya, aliyekuwa akisomesha jiografia katika skuli ya wasichana. Na alikuwepo mdogo wake mama, Thuraya, ambaye wakati huo hakuwa ameolewa. Baba yangu alishamwacha mama zamani, akaenda kuishi Sur na mke mwengine. Nilikuwa nikimwona siku za Idi. Mwenye kauli katika nyumba yetu alikuwa Mjomba Khalfan, kaka yao mkubwa. Yeye alikuwa na nyumba yake mlango wa pili na duka lake la vyakula barabarani, lakini hakuna lililoamuliwa kwetu bila yeye kulitolea neno.

Bibi alizaliwa Ujiji. Alirudi Omani mtu mzima, na watoto wakubwa, akaletwa katika mji ambao maji yake ni mfereji unaouruka kwa hatua moja. Hakulalamika, lakini kila kitu kizuri alikipima kwa ziwa lake. Samaki wa Sur walikuwa wazuri, ila si kama migebuka ya ziwani. Upepo wa jioni ulikuwa mzuri, ila si kama ule unaotoka ziwani. Akisema "ziwa" hakulitaja jina, na mimi sikujua kama lina jina. Kwangu dunia nzima ilikuwa na ziwa moja, la Bibi.

Kwa hiyo mama aliponikalisha kitandani akaniambia kapata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili, nchi ya mbali huko kaskazini, kwenye mji ulio kando ya ziwa kubwa, nilitoka mbio hadi kwa Bibi. "Bibi, mama anakwenda kwenu!"

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akaniangalia, kisha akacheka taratibu. "Wacha aende basi. Akifika amwagie maji miguu yake, amwambie ziwa mimi bado nipo."

Hakunisahihisha. Nadhani ile fikira ilimpendeza.

Mama aliondoka mwisho wa joto. Akawa anapiga simu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kwake kulikuwa bado ni alfajiri. Simu ilikuwa ukumbini juu ya kimeza, na kwa kuwa masikio ya Bibi yalishachoka, Mjomba alizoea kubonyeza spika ili sote tusikie. Bibi aliletewa kiti, akakaa karibu, na mara nyingi alichosema yeye ilikuwa "Hamdulillah, mwanangu, hamdulillah," kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Halafu zamu yangu. Mama alikuwa mwalimu hata kwenye simu. Aliniambia majani ya huko yanageuka mekundu kabla ya kuanguka, na kwamba jua linatua kabla ya wakati wa alasiri ya kwetu kwisha. Mara moja aliniambia watu wa mji ule wanalisubiri ziwa kwa hofu.

"Kwani litafanya nini?" nikamuuliza.

"Litaleta theluji. Sikiliza nikusomeshe. Ziwa lina joto bado, limelihifadhi tangu kiangazi. Sasa upepo wa baridi unakuja kutoka kaskazini, unapita juu ya yale maji ya vuguvugu, unanyonya mvuke, unajaza kifua. Ukifika nchi kavu hauwezi kuubeba tena, unaumwaga wote theluji. Basi mtaa mmoja unafukiwa, na mtaa wa pili jua linawaka. Umefahamu?"

Nikasema nimefahamu. Nilichofahamu ni kwamba ziwa la Bibi limegeuka tabia. Nilipomweleza Bibi kuwa siku hizi ziwa lenu linatoa theluji, alitikisa kichwa. "Limefanywa nini mpaka likawa hivyo?" akasema.

Hali ya hewa ilipoanza kupoa na kwetu, kifua cha Bibi kikaharibika. Kwanza kilikuwa kikohozi cha vumbi, kile kinachotushika wengi upepo mkavu unapoanza. Kisha akawa halali chini. Alilala amekaa, mito imepangwa mgongoni. Alipelekwa hospitali, akarudishwa, akapelekwa tena. Chumba chake kilinuka dawa ya kuchua na ubani ambao Mama mdogo Thuraya aliuchoma asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa nikitoka skuli naweka mkoba mlangoni mwake na kumsomea nilichosomeshwa, naye anasikiliza na macho yamefumba.

Siku hizo ndipo alipoanza kumuuliza mama.

"Khalfan," alimwambia mjomba, "mpigie Raya aje."

"Atakuja, mama. Ana mtihani. Akimaliza atakuja."

Kesho yake akauliza tena, na kesho yake tena. Nilikuwa mlangoni siku Mjomba alipochoka na habari ya mtihani akatafuta nyengine. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kabisa: "Mama, theluji imefunga njia. Ile ya ziwani. Ndege haziruki. Ikiyeyuka tu, atakuja."

Bibi alifumbua macho. "Ziwa gani hilo linalomzuia mtu asije kwa mama yake?" akasema. "La kwetu lilikuwa linatupeleka."

Ijumaa ya wiki ile ile mama alipiga simu kutwambia kuwa bado wanaisubiri theluji, mwaka huu imechelewa, mbingu ni kijivu tu. Mjomba alibeba simu ile kwa waya wake mrefu akaiingiza chumba cha pili, akazungumza bila spika. Nilisikia akisema, "Mzima, mzima, kikohozi tu cha baridi, wewe soma." Alipotoka alituambia mimi na Mama mdogo Thuraya, wote wawili tumesimama kama watoto: "Hakuna kumwambia Raya chochote. Mnasikia? Mtihani wake umekaribia. Akirudi sasa, kila kitu kimekwenda na maji. Mimi nitazungumza naye mwenyewe wakati ukifika."

Mama mdogo alisema, "Lakini, kaka, mama mwenyewe anamtaka."

"Mimi nitazungumza naye," akarudia Mjomba, na ikawa khalas.

Nilikuwa na umri wa kuamini. Nikajua kuwa Mjomba atazungumza na mama, kwa sababu kasema hivyo.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Tulikaa ukumbini mpaka adhana ya alasiri, mimi na Mama mdogo, na Bibi chumbani anahema kwa sauti. Mjomba alisema kasikia kwenye habari kwamba huko theluji imeanguka vibaya, umeme umekatika, watu wamefungiwa majumbani. Nakumbuka Mama mdogo alimtazama usoni. Theluji aliyoisema ya uongo ilikuwa imekuja kweli.

Siku chache baadaye, siku ya skuli, nilirudi mchana nikakuta viatu mlangoni. Viatu vya wanawake, vingi, vimelundikana hadi kwenye ngazi. Ndani harufu ya karafuu maiti na udi. Jirani yetu mmoja, Mama Zuhura, alinipokea mkoba akanivuta kifuani kwake. "Bibi kapumzika, mwanangu," akaniambia. Mwanamke mwengine nyuma yake akasema, "Kapumzika, masikini, alikuwa anateseka mno." Na mwengine: "Kapumzika siku nzuri." Nilidhani wanasema kalala. Nikafurahi, kwa sababu alikuwa halali. Nikaenda kwa ncha za vidole mpaka mlangoni mwake nisimwamshe, nikachungulia, nikaona godoro limesimamishwa ukutani na kitanda ni mbao tupu.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza maana ya lile neno. Mchana kutwa kila aliyeingia alilisema, na kila lilipotajwa watu waliinamisha vichwa. Kapumzika. Likawa kwangu halina maana nyengine.

Wanaume walirudi makaburini baada ya alasiri. Mjomba Khalfan aliingia kwa mlango wa uani, kanzu ina vumbi hadi magotini, macho mekundu. Alikuwa amempenda mama yake, hilo sikulikatalia wakati wowote. Alikuwa amesimama ukumbini anawaamkia wanawake wazima waliokaa chini, simu ikalia. Akanyoosha mkono akabonyeza spika, kwa mazoea tu, bila kufikiri.

"Hamjambo jamani! Mko hai?"

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Kulikuwa na mwanamke anasoma Yasini kwa sauti ya chini, naye akakatiza.

"Nani hapo? Kaka Khalfan? Shikamoo kaka! Jamani, mngeniona! Nilidhani nitazikwa mzima mzima!" Na akacheka. "Imeshuka kwa siku sijui ngapi, usiku na mchana, na radi ndani yake, mmeshasikia wapi theluji yenye radi? Umeme hakuna, simu hakuna. Yuko wapi mwanangu? Mwanangu, unanisikia? Leo asubuhi nimefungua mlango, mlango unafungukia ndani, nikakuta theluji imesimama wima kama ukuta, na alama ya kitasa imepigwa chapa juu yake! Nikatokea dirishani na sepeto. Nikaruka, nikazama hadi kiunoni, nikawa siwezi kupanda wala kushuka, mpaka jirani mzee kaja kunivuta kama anang'oa muhogo!"

Alicheka tena. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa peke yake siku nyingi. Hilo la upweke nalijua leo. Siku ile nilisikia kicheko tu.

"Hamdulillah umesalimika," akasema Mjomba.

"Nipe Mama. Gizani mle nilikuwa nikimfikiria yeye tu. Nipe nimhadithie."

Mjomba aliwatazama wanawake. Akamtazama Mama mdogo Thuraya, aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa chumba cha marehemu, mtandio umemfunika nusu ya uso. Akanitazama mimi. Kisha akaiinamia simu akasema polepole, kila herufi mahala pake:

"Mama kapumzika."

"Saa hizi? Haya, mwacheni apumzike. Kapumzika vizuri lakini?"

"Vizuri. Hamdulillah."

"Basi msimsumbue. Mwambieni ziwa la huku lina wazimu, si kama lake!" Akacheka mara ya mwisho, kadi ya simu ikamwishia, laini ikakatika.

Mama Zuhura aliangalia mkeka. Mjomba alitoa leso akajifuta uso akatoka, na yule mwanamke akarudia Yasini pale alipokatizia.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kimeza cha simu, na nilikuwa nimesikia yote kwa masikio yangu. Mjomba alisema atazungumza na mama, akazungumza naye. Mama kaambiwa Bibi kafa, akasema mwacheni apumzike, akacheka. Hayo ndiyo niliyoyaona. Sikumuuliza mtu, kwa sababu hapakuwa na la kuuliza.

Tangu siku hiyo nilikataa simu. Ijumaa ikifika nilikimbilia uani, nikajifungia kwenye chumba cha kuni, nikasubiri mpaka imalizike. Sauti yake ilikuwa ikinifikia, "Mwanangu yuko wapi? Kanuna tena?" Mama mdogo alikuja kunibembeleza mara mbili tatu, na nilipomwambia simtaki, alilia, nami nikadhani analia kwa kuwa mama yangu ni mtu mbaya. Mjomba hakunibembeleza. Nilimsikia akimwambia Mama mdogo, "Mwache. Bora hivyo." Akaninunulia baiskeli. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikiendesha baiskeli kando ya falaji nikimchukia mama yangu kwa bidii, kama mtoto anavyoweza: nguo alizonitumia nilizivaa kuchezea tu ili zichakae, picha yake niliigeuza ikatazama ukuta.

Yeye kila wiki alimtaka Bibi, na kila wiki palikuwa na jambo. Kalala. Masikio yamezidi, hasikii simu kabisa. Kachukuliwa Sinaw kwa jamaa kubadilisha hewa. Mimi sikuyasikia hayo. Nilikuwa kwenye kuni.

Mama alirudi katikati ya joto, wakati tende zinavunwa na upepo unachoma kama mlango wa tanuri. Mjomba alikwenda kumpokea Maskati. Saa zote za njiani, baadaye alisema, alitafuta mahala pa kumwambia na hakupapata. Barabara si mahala pa habari kama ile. Walipofika, mama alishuka kwenye gari akanikumbatia, na mimi nikasimama kama nguzo, mikono chini. "Umenikasirikia bado?" akasema. "Haya, una haki." Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na mfuko wenye viatu vya kuvalia ndani, vya manyoya, vya kumpa Bibi kwa miguu yake inayoingia baridi. Hakuvua mtandio, hakunywa maji. Alipita ukumbini moja kwa moja, akaita, "Shikamoo Mama! Nimerudi!" akafungua mlango wa chumba.

Ndani mlikuwa na magunia ya mchele na makatoni ya maziwa ya unga ya dukani kwa Mjomba, yamepangwa hadi dirishani.

Mama aligeuka. Bado alikuwa anatabasamu, kidogo, kama mtu aliyekosea mlango. "Mama mmemhamishia chumba gani?"

Mjomba alikuwa nyuma yetu na sanduku la nguo mkononi. Mama mdogo Thuraya alikuwa kwenye mlango wa jiko. Hakuna aliyejibu, na ule unyamavu ukanikera, nikaona wanamwendekeza.

"Bibi si kafa," nikasema.

Mama akanitazama.

"Unajua wewe. Mjomba alikwambia kwenye simu. Alikwambia kapumzika."

"Lini?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Siku ya theluji," nikamwambia. "Siku ile ulipokuwa unacheka."

Watu husema alipiga ukelele, lakini hakupiga. Alikaa chini pale pale kizingitini, na viatu vyake miguuni, na ule mfuko mapajani. Nilimwona uso wake ukifanya kazi, anairudia ile simu neno kwa neno. Ndipo na mimi, nikiwa nimesimama mbele yake, nilipofahamu kwamba hakuwa akijua, na kwamba miezi yote ile nilimchukia bure.

"Haiwezekani," akasema. "Nilizungumza naye siku ya Idi. Nilisema sitoki kwenye simu mpaka nisikie sauti yake. Alinijibu. Aliniambia hamdulillah, mwanangu."

Siku ya Idi nilikuwa Sur kwa baba. Nikamtazama Mama mdogo Thuraya. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake, kwa mikono miwili, kama anayezuia kitu kisitoke. Mama alimtazama pia.

"Thuraya?"

"Kaka aliniambia niseme," akajibu Mama mdogo. "Neno moja tu, alisema. Neno moja."

Jioni ile mama aliyatoa magunia. Hakuomba msaada, aliyaburuta mwenyewe moja moja hadi uani, na Mjomba alipomwambia, "Raya, kwa ajili ya Mungu, watu wanaangalia," aliendelea kuburuta. Alifagia chumba, akatandika mikeka, na asubuhi akafungua mlango wa mbele wote wazi, akaweka birika la kahawa na sahani ya tende, akakaa. Alikuwa anaweka azza, matanga ya mama yake.

"Azza imeshapita," Mjomba akamwambia. "Watu walikuja, tumesoma, tumemaliza. Haifanywi mara mbili. Utatufanya tuchekwe."

"Yenu imepita," mama akasema. "Yangu ni leo."

Wengi hawakuja. Walipita mlangoni wakaharakisha mwendo, wanawake wale wale waliokaa ukumbini siku ile wakasikia simu wakanyamaza. Mama Zuhura alikuja siku ya pili, akakaa mbali kidogo, na kahawa yake ikapoa mkononi. "Tulisikia, mwanangu," akasema. "Sote tulisikia unavyocheka. Tulidhani kaka yako atakwambia kesho yake." Mama akamshukuru kwa kuja.

Mama mdogo Thuraya alikaa jikoni siku zote tatu. Siku ya mwisho mama alimwita, akamuuliza jambo moja. "Aliniuliza?"

"Kila siku."

"Mkamwambia nini?"

"Tulimwambia theluji imefunga njia."

"Theluji ilikuwa bado haijaanguka, Thuraya."

"Najua," akasema Mama mdogo.

Kabla ya shule kufunguliwa tulikuwa tumehamia Nizwa, mama na mimi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo madirisha yake yanaangalia mlima. Ile shahada ilifanya kazi yake. Mama alipandishwa cheo, akawa mkaguzi wa skuli, nikasomeshwa kwa jasho lake, nikavaa na kula kwalo. Ibra hakurudi ila kuzuru kaburi, na akenda alikwenda asubuhi akarudi adhuhuri bila kubisha hodi mlango wowote. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kupumzika. Mtu analala au mtu kafa, na hata wageni walijifunza kuchagua maneno. Mpaka leo mama akinipigia simu huanza kwa kusema, "Wote wazima," ndipo anipe salamu. Wala hanihadithii kitu cha kuchekesha kwenye simu. Nilipokuwa msichana nilijaribu sana kumchekesha, nikiwa bweni la chuo, nikamhadithia vituko hivi na vile. Alikuwa akisema, "Haya, ukija utanihadithia."

Na baina yangu na yeye kilibaki kitu ambacho hatukukizungumza. Nilikuwa mtoto, aliniambia hivyo mara moja tu, na akanishika kichwa. Lakini mtoto akimchukia mama yake miezi ile yote na nguvu zile zote, chuki hiyo haiishi kwa kuambiwa kulikuwa na makosa. Ilipungua. Kuisha haikuisha.

Mjomba Khalfan ni mzee sasa. Mimi humwendea siku ya Idi ya pili, kwa kuwa ni mjomba, na kwa kuwa mama hakunikataza. Mwaka huu alinikalisha karibu, akanimiminia kahawa, akaanza mwenyewe bila kuulizwa. "Mama yako bado ana kinyongo," akasema. "Na mimi sikusema uongo hata siku moja. Nilisema kapumzika. Hakuwa kapumzika? Na hebu niambie wewe msomi: ningemwambia, angefika kwa njia gani? Viwanja vyote vya ndege vimefukiwa. Angelia peke yake huko kwenye giza, ashindwe mtihani, na Mama hafufuki."

Kwa hesabu yake hakukosea. Asingefika. Tunazika siku ile ile; hata bila ya theluji asingefika. Nilikunywa kahawa yangu, nikamwamkia, nikaondoka, na njia nzima ya kurudi Nizwa niliyageuza yale maneno yake nikitafuta palipo na kasoro, nisipaone.

Nilipita kwa mama kabla ya kwenda kwangu. Alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nilimweleza alivyosema Mjomba, yote, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamuuliza wazi: theluji ilikuwa mlangoni, simu mbovu, ndege hakuna, angeambiwa, ingekuwa na faida gani?

Mama alikunja kanga, akailaza juu ya nyenzake, akaipapasa mikunjo.

"Nisingefika," akasema. "Lakini ningelia siku moja na nyinyi."